Usiku Nilioshika Besi Masasi

Kiharusi kilimkuta mume wangu akiwa amekaa barazani, anafunga uzi mpya kwenye gitaa lake la besi. Mimi nilikuwa uani nabangua korosho. Nilisikia gitaa linaanguka sakafuni, nikaguna moyoni kwamba leo atanung'unika siku nzima kwa ajili ya mkwaruzo mmoja. Nikaendelea kubangua. Nilipoona hasemi kitu ndipo nilipoinuka.

Alikaa hospitali wiki tatu. Aliporudi nyumbani mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia, mguu wa kushoto anauburuta, na mdomo umevutwa upande mmoja. Maneno yalimtoka mazito, lakini tulielewana. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikaa kimya hata kwa yale aliyoweza kuyasema. Wageni walikuja kumjulia hali, wakamwamkia shikamoo, akajibu marahaba, basi. Gitaa nililitia kwenye gunia na kulisukumia chini ya kitanda ili asilione.

Bendi yao ni ya hapa hapa Newala. Waliianzisha wakiwa vijana, enzi za suruali pana za bugaluu na viatu vya raizoni vya soli ndefu, wakipiga roki kwa Kiswahili, nyimbo walizozitunga wenyewe. Baadaye vyombo vilikufa kimoja baada ya kingine, kila mtu akaenda kutafuta maisha. Miaka michache iliyopita, watu wakiwa wameanza kustaafu na watoto wamekua, wakaifufua. Mpiga solo ni mwalimu mstaafu, naye ndiye kiongozi. Mpiga drams anauza mbegu na dawa za mikorosho pale sokoni. Mwimbaji ni seremala. Mume wangu alikuwa besi tangu siku ya kwanza.

Mimi sikuwahi kuipenda bendi hiyo. Katika miaka arobaini ya ndoa yetu sikukanyaga ukumbi wa dansi hata mara moja. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi mashati. Usiku mmoja, zamani sana, mtoto wetu wa pili alipandwa na homa mpaka akaanza kukakamaa. Nilimbeba mgongoni peke yangu hadi hospitali, na njia nzima nilikuwa nalisikia besi likinguruma kutoka ukumbini. Mtoto alipona. Lile besi sikulisamehe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje mwanamke kama mimi nikajifunza kulipiga, namwambia ukweli: ilianza kama dawa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia mkono usipotumika utakauka kabisa. Akampa mpira wa kuminya. Mume wangu aliuminya siku mbili, siku ya tatu akautupa uani, kuku wakaukimbia. Nilikasirika. Nikaingia chumbani, nikalivuta gunia, nikampakatisha gitaa.

“Haya,” nikamwambia, “kama mpira hutaki, minya hili.”

Aliliangalia muda mrefu. Kisha nikavishika vidole vyake vya kushoto, kimoja kimoja, nikaviweka juu ya nyuzi. Kwa mkono wa kulia, ambao ulikuwa mzima, akacharaza. Hakikutoka kitu ila mkwaruzo. Vidole havikuwa na nguvu ya kugandamiza uzi, na uzi wa besi ni mnene kama waya wa kuanikia nguo. Tukajaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne nikachoka kukandamiza vidole vyake, nikaviondoa, nikaweka vya kwangu.

“Hapa?” nikamuuliza.

“Juu kidogo.”

Nikapandisha. Akacharaza. Sauti ikatoka, nzito, ikanipitia tumboni.

Tokea siku ile, kila baada ya swala ya alasiri, tukawa tunakaa kwenye mkeka, gitaa katikati yetu, mimi nikiwa mkono wa kushoto na yeye mkono wa kulia. Nyimbo zao nilizijua zote. Sikujijua kama nazijua. Nilizisikia kupitia ukutani miaka na miaka huku nimekunja uso, kumbe zilikuwa zinaingia. Na vidole havikuniuma kama alivyotegemea. Mtu aliyeanza kubangua korosho akiwa msichana, ngozi yake imeshababuka na mafuta ya maganda ikaota na kuota tena, uzi wa gitaa utamfanya nini?

Alasiri moja yule mwalimu alikuwa anakuja kututembelea. Alilisikia besi tangu barabarani. Aliingia uani anakimbia, mzee wa karibu miaka sabini, kofia mkononi, akidhani rafiki yake amepona. Akatukuta pale mkekani. Niliiona furaha ikimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Akaketi, akafuta jasho, akajaribu kucheka.

Alikuwa amekuja na habari. Klabu moja ya Masasi iliandaa usiku wa bendi za zamani. Bendi tatu zimealikwa: ya Nachingwea, ya Masasi wenyewe, na ya Newala.

“Nimekuja kuwaambia kwamba tutakataa,” akasema. “Bila besi hatuna bendi. Kuna kijana anapiga kanisani, hodari kweli, lakini nyimbo zetu hazijui, na muda ni wiki sita.”

Mume wangu alininyooshea kidevu.

Mwalimu akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. “Shemeji,” akasema taratibu, “kama mkono wa kushoto umekubali, wa kulia utakushinda nini?”

Nilicheka. Nikasimama kwenda kupika chai. Nilipokuwa napuliza moto niligundua kwamba sikusema hapana.

Zile wiki sita sitazisahau. Mume wangu, ambaye hakuwa anasema kitu, akawa hanyamazi. Alinifokea kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye. “Unakimbia! Besi halikimbii! Wenzako watakimbia, wewe kaa!” Au: “Umepiga mno. Acha nafasi. Nafasi nayo ni muziki.” Siku moja nililiweka gitaa chini nikamwambia, “Mimi si mwanafunzi wako. Mimi nimekuzalia watoto watano.” Akacheka. Alicheka na ule mdomo wake uliopinda, mate yakamtoka, akajifuta kwa mkono mzima, akaendelea kucheka. Hakuwa amecheka tangu siku ile ya barazani. Nikalichukua gitaa tena.

Habari zilizagaa. Kwenye foleni ya maji wanawake walinitania, wengine kwa upendo, wengine la. Nikaona bora dada yangu mkubwa azisikie kutoka kwangu mwenyewe. Yeye anaishi Makote, analima mikorosho na mihogo, na tangu mama yetu afariki yeye ndiye mama. Nilimkuta anachambua mbaazi.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Nimeshasikia,” akasema kabla sijaketi. “Bibi mwenye wajukuu unakwenda klabu.”

Nikamweleza yote, kuanzia mpira uliotupwa kwa kuku. Alisikiliza huku anachambua.

“Na Isha utaiswalia wapi?”

“Huko huko. Nitatafuta mahali.”

Aliokota mbaazi mbovu, akaitupa kando. “Sikukatazi,” akasema mwishoni. “Mgonjwa ni wako, dawa unaijua wewe. Lakini mimi usinialike.” Akanifungia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwenye khanga ya zamani nimpelekee shemeji yake. Sikumwalika, na hadi leo hatujalizungumza tena.

Siku ya safari tulikodi gari dogo la abiria, vyombo vikapakiwa nyuma, sisi tukabanana mbele. Mume wangu alikubali kupanda. Shati nililompigia pasi alilivaa. Lakini tulipoanza kuteremka mlima, na kule chini yale majabali ya Masasi yakaanza kuonekana, akaanza kukunja uso. Tulipofika kwenye geti la klabu alasiri, akasema hashuki.

“Nitasikia kutokea hapa,” akasema.

Nilimwelewa. Masasi nzima ilimjua akiwa kijana mrefu anayepiga besi huku amefumba macho. Sasa wangemwona anaburuta mguu. Sikumbembeleza. Nilifungua dirisha ili apate hewa, nikaingia ndani na wenzangu.

Ukumbi ulikuwa wa wazi, umezungushiwa ukuta, jukwaa la saruji, taa za rangi zimetundikwa kwenye kamba. Upande mmoja nyama ya mbuzi ilikuwa inachomwa, upande mwingine viti vya plastiki vilikuwa vinapangwa. Mlinzi wa klabu, mama mmoja mtu mzima, alinionyesha chumba cha kubadilishia nguo, akanitandikia khanga yake nikaswali magharibi, na baadaye Isha. Kichwa changu kilikuwa na mtandio wangu ule ule, na hivyo ndivyo nilivyopanda jukwaani.

Kiongozi wa bendi ya Masasi alikuja kutusalimia. Huyu alikuwa hasimu wa mume wangu tangu ujana wao. Bendi mbili hizi zilikuwa zikishindana kama timu za mpira. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki, tumbo limemjaa, lakini usiku ule alikuwa amevaa raizoni zake halisi za zamani, soli nene, anatembea kama anavuka mto.

“Yuko wapi?” akauliza.

Nikamwonyesha getini. Akaenda, kwa hatua zake zile. Kilichotokea nilisimuliwa na dereva. Yule bwana aliinama dirishani, hakumpa pole wala nini.

“Watu wa Newala,” akamwambia, “leo mmeoga?”

Huu ni utani wa miaka yote. Huko kwetu maji ni ya kutafuta, na Masasi wanalijua hilo.

“Tumeoga,” mume wangu akajibu. “Ndiyo maana tumechelewa. Nyinyi wenye bomba mna sababu gani ya kunuka?”

Yule bwana akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema, “Nimesikia umemtuma mkeo aje akupiganie vita vyako, wewe umejificha kwenye gari.”

Nikiwa jukwaani tunajaribu vyombo, niliwaona wanaingia. Mume wangu alikuwa ameweka mkono wake mzima kwenye bega la hasimu wake. Walitembea polepole, mmoja anaburuta mguu, mwingine anaogopa kuanguka kwa sababu ya viatu. Watu waliokuwa wanapanga viti waliacha kazi wakawaamkia. Alikalishwa karibu na spika, nyuma yangu kidogo.

Bendi ya Nachingwea ilifungua. Walipokwisha kupiga nyimbo nne ukumbi ulikuwa umejaa. Nilidhani watakuja wazee tu, kumbe vijana nao walikuwa wengi, wengine wamevaa mashati ya baba zao yenye kola ndefu. Kisha tukaitwa sisi. Nakumbuka msemaji alisema, “Na kwenye besi, Mama!” tu, kwa sababu alikuwa amesahau kuniuliza jina, na watu wakashangilia hivyo hivyo.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko mazoezini. Sikumwangalia mtu. Niliangalia vidole vyangu na mguu wa mpiga drams.

Wimbo wa pili nikapotea.

Ulikuwa wimbo wa haraka, na katikati solo linaachiwa nafasi ndefu. Mwalimu akanogewa, akaenda mbali kuliko tulivyozoea, nami nikamfuata badala ya kukaa nilipotakiwa kukaa. Mara nikawa sijui tuko wapi. Mikono ikasimama. Sauti ya bendi ikawa nyepesi ghafla, kama nyumba iliyoondolewa ukuta mmoja. Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa ananiangalia moja kwa moja, na hakufanya kitu. Hakunipa ishara wala hakutikisa kichwa. Nilimwonea hasira kali pale pale.

Mbele ya jukwaa palikuwa na mama mmoja mnene, umri wangu, amevua viatu amevishika mkononi, anacheza. Yeye hakusimama. Hakujua kwamba kuna kilichopotea, au alijua na hakujali. Miguu yake ilikuwa inakanyaga pale pale besi lilipopaswa kukanyaga: moja, nafasi, mbili tatu, nafasi. Niliitazama miguu ile. Nikaacha izunguke mara mbili. Mara ya tatu nikaingia nayo.

Ukumbi ulipiga kelele. Pengine walidhani tulipanga iwe hivyo. Mpiga drams alinitazama akatikisa kichwa na kutabasamu, mwalimu akarudi na solo lake, na tokea hapo sikuangalia vidole tena. Tulipiga nyimbo tano. Wa mwisho ulikuwa na mistari miwili ya Kimakonde kwenye kiitikio, na nusu ya ukumbi ikaimba pamoja nasi, hata wale wenye asili ya Kiyao na Kimakua.

Niliposhuka nilimwendea mume wangu jasho linanitoka.

“Umeniona nimepotea?”

“Nimekuona.”

“Ukanyamaza?”

“Ningekuonyesha usiku wa leo, kesho ungenitafuta tena.” Akapumua. “Na umerudi vizuri. Umerudi kwa kupitia nafasi.”

Hasira ikanitoka, ingawa si yote.

Bendi ya Masasi ilipiga mwisho, na wenyewe walijua kwao ni kwao. Walipofika wimbo wa kufunga waliziita bendi zote tatu jukwaani. Mimi nikapewa nafasi nyuma, kando ya mpiga besi wao. Yule bwana wa raizoni akaenda mwenyewe kwa mume wangu, akamwinua, akampandisha ngazi tatu za jukwaa, akamweka kwenye kiti, akamsogezea tumba moja kati ya magoti.

“Mkono mmoja unatosha,” akamwambia kwenye maikrofoni, kila mtu akisikia. “Ukiwa na miwili utatufunika.”

Akapiga. Kwanza kwa woga, anatafuta. Kisha mkono wa kulia ukapata mahali pake, ukawa unatua kwenye ngozi ya tumba sawasawa na besi langu. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala pajani. Macho aliyafumba. Wimbo ule ulipaswa kuwa wa dakika tano. Sidhani kama ulikwisha chini ya ishirini. Yule mama wa viatu mkononi alipanda jukwaani kunitunza, akanifunga leso yake kiunoni, akashuka.

Tulilala Masasi, kwenye nyumba ya wageni. Hatukupata usingizi. Masikio yalikuwa bado yanavuma. Tukiwa gizani mume wangu akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama anavyoniita siku zote.

“Usiku ule wa homa,” akasema. “Mtu alikuja ukumbini kuniambia.”

Nikamgeukia.

“Nilimaliza wimbo kwanza. Ndipo nikaja.”

“Nilijua,” nikamwambia. “Aliyekuletea habari alinieleza siku ya pili yake. Nilikuwa nasubiri unieleze wewe.”

“Miaka yote hii?”

“Miaka yote hii.”

Hakusema samahani mara moja. Neno hilo lilimchukua muda, na kwa mdomo wake ule lilitoka vipande vipande. Nililisikia lote. Nilikuwa nimebeba kitu kile kwa muda mrefu kiasi kwamba kilipotoka sikuhisi wepesi, nilihisi usingizi. Nililala mpaka mlinzi wa nyumba ya wageni alipogonga mlango.

Tulirudi Newala mchana. Jumatatu nilikuwa uani nabangua korosho kama kawaida, na mbili tatu zilinivunjikia kwa sababu vidole vilikuwa vinapiga kitu kingine. Siku chache baadaye mwanamke mmoja mgeni alinisimamisha sokoni, akaniuliza kama mimi ndiye yule mama wa besi. Alikuwa mwalimu wa sekondari kule Chidya, na alitaka kujua kama umri wake, arobaini na sita, umechelewa kwa gitaa. Nikamwambia aje Alhamisi. Amekuja Alhamisi nne sasa. Anapenda kukimbia, na mume wangu anamfokea.

Mkono wa kushoto haujarudi. Daktari anasema huenda ukarudi kidogo, huenda usirudi. Lakini kidole gumba kinasogea, na juma lililopita alishika nacho kayamba kwa muda wa ubeti mzima kabla halijamdondoka. Sasa anatunga. Ananitamkia maneno, mimi naandika kwenye daftari la zamani la mjukuu. Ni wimbo wa kasi, unahusu mtu anayeteremka mlima asubuhi na ndoo tupu akiwa anaimba. Ubeti wa kwanza na kiitikio tumekubaliana. Kwenye ubeti wa pili yeye anataka mvua inyeshe, mimi naona ni mapema mno, na leo alasiri tutabishana tena.